Gari Linavuja: Jinsi ya Kulifuata Tone Mpaka Lilikotoka

Gari langu la kwanza lilishushwa giaboksi bila sababu. Nilikuwa nimeona oili chini, pale injini inapokutana na giaboksi, nikalipeleka gereji. Fundi akainama, akachungulia kidogo, akasema ni sili ya nyuma ya krenki, mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea nyuma. Wakashusha giaboksi, wakabadilisha sili, nikalipa. Siku tatu baadaye tone likawa palepale. Aliyelimaliza tatizo ni mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu Nkuhungu, na hata hakuingia uvunguni. Alifungua boneti, akapitisha kidole nyuma ya injini juu kabisa, chini ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, kidole kikatoka cheusi. "Mwanangu, oili haipandi," akaniambia, "inashuka." Ilikuwa gasketi ya mpira iliyokauka. Kuibadilisha hakukufika hata nusu siku.

Tangu siku hiyo sinunui kipuri chochote cha kuzuia kuvuja kabla sijajua tone lilianzia wapi. Mahali linapodondokea ni pale lilipokosa chuma cha kushikilia. Kabla ya hapo limetambaa kwenye bloku ya injini, likapita kwenye ukingo wa sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na gari likiwa kwenye mwendo upepo umelisukuma kuelekea nyuma. Kwa hiyo kidonda kiko juu ya tone, na mara nyingi kiko mbele yake pia.

Kwanza, usife

Nasema hivi kwa uzito. Jeki ni ya kunyanyulia gari, si ya kulishikilia ukiwa chini yake. Viwanja vyetu vingi hapa Dodoma ni mchanga mwekundu, na jeki huzama taratibu bila wewe kuona. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Vuta hendibreki, ingiza gia ya kwanza au P, na ziba kwa mawe au vigingi magurudumu yanayobaki chini. Usitumie tofali za bloku: zinabeba uzito mkubwa, halafu zinapasuka ghafla bila dalili. Kama huna stendi, azima gereji, au lipandishe gari kwenye mteremko wa mbao imara. Kabla ya kuingia, lisukume gari kwa bega. Likitikisika, usiingie.

Kofia ya rejeta haifunguliwi injini ikiwa ya moto. Na kama unachosikia ni harufu ya petroli, usiwashe kitu, usivute sigara, usitumie taa ya waya. Lisukumeni gari mpaka nje kwenye hewa.

Usiku wa boksi

Kwenye sakafu ya saruji tone linaonekana. Kwenye mchanga linanyonywa usiku, asubuhi unabaki na doa lisilo na rangi wala habari. Tafuta boksi kubwa la friji au la televisheni, lipasue, ulitandaze chini ya gari kuanzia bampa la mbele mpaka nyuma ya giaboksi. Chora mshale wa kuonyesha mbele ni wapi, na alama ya kila tairi ya mbele. Ukilitoa boksi asubuhi utajua tone liko sentimita ngapi kutoka tairi gani.

Fanya usiku mbili. Wa kwanza, egesha gari likiwa limetoka safari na injini ni ya moto. Wa pili, liache likiwa halijatembea tangu mchana. Oili hutoka zaidi ikiwa ya moto na nyepesi, ilhali miungio ya mipira ya maji huweza kuvuja injini ikipoa, kwa sababu chuma kimejikunja na mpira mzee haufuati tena.

Tone linasema nini

Lipake kwenye karatasi nyeupe, uliangalie juani, ulisugue kati ya vidole, ulinuse. Usilionje. Kulanti, yaani maji ya rangi ya rejeta, ni tamu, na utamu huo ni sumu. Mbwa na kuku hulamba, kwa hiyo ifukie na uioshe haraka.

Oili ya injini ni ya rangi ya asali ikiwa mpya, kahawia au nyeusi ikiwa imetumika, na ina utelezi mzito. Haidroliki ya giaboksi la otomatiki ni nyekundu, nyepesi kuliko oili, na ikizeeka hugeuka kahawia yenye harufu ya kuungua. Stelingi za haidroliki nyingi hutumia mafuta ya jamii hiyohiyo, basi ukiona wekundu angalia tone liko upande gani kabla ya kulaumu giaboksi. Magari mengi madogo ya karibuni yana stelingi ya umeme, hayana mafuta hayo kabisa. Oili ya difu, lile boksi la gia lililo katikati ya eksili, na ya giaboksi la mkono ni nzito na inanuka kiberiti. Ukiinusa mara moja hutaisahau. Mafuta ya breki ni meupe au ya njano hafifu, mepesi, na yanababua rangi ya gari. Ukiyakuta ndani ya gurudumu au chini ya pedali, safari imeishia hapo. Kulanti ni ya waridi, kijani au bluu, ina utelezi kidogo, na ikikauka huacha ukoko mweupe au wa rangi yake. Ukoko huo una faida kubwa, kwa maana unabaki hata tone likishapotea.

Kuna maji safi pia, yasiyo na rangi, harufu wala utelezi. Hayo ni ya AC, na kwenye magari yetu ya usukani wa kulia hudondoka zaidi upande wa abiria wa mbele. Ni kawaida. Ila hapa kwetu liko jambo la kuzingatia: anayetoka Dar es Salaam amezoea AC inayomwaga maji kama bomba, kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu. Hewa ya Dodoma kiangazi ni kavu, AC inatona kidogo tu. Ukikuta dimbwi la maji chini ya gari mwezi wa nane, usijifariji kwa AC. Pima maji ya rejeta kwanza.

Na kama kulanti inapungua lakini boksi ni kavu, angalia kapeti chini ya miguu ya abiria, maana rejeta ndogo ya hita iko ndani ya deshibodi. Kisha angalia oili: ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, au ekzosi inatoa moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto, maji yanaingia ndani ya injini kupitia gasketi ya silinda hedi. Hiyo si kazi ya uani. Zima gari ulipeleke kwa fundi unayemwamini.

Osha, kausha, paka poda

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo fedha zinapopotea. Injini iliyokaa miaka na vumbi la Dodoma ina tope la oili kila upande, na kila mahali panaonekana kama ndipo panapovuja. Huwezi kutafuta kidonda kwenye mwili uliopakwa matope.

Injini ikiwa ya vuguvugu, funika oltaneta, koili za plagi na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya plastiki. Sugua tope kwa brashi na sabuni ya kuoshea injini, au dizeli kidogo ikifuatiwa na maji ya sabuni. Usitumie petroli kamwe. Suuza kwa maji ya taratibu. Mashine ya presha ya pale wanapoosha magari husukuma maji ndani ya soketi za umeme, na utaondoka na tatizo jipya. Acha ikauke kabisa, na jua letu linafanya kazi hiyo kwa saa chache.

Sasa chukua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, uipulizie pale unapopashuku: chini ya ukingo wa tapeti kava pande zote, kuzunguka filta ya oili, kwenye muungano wa sampu, mbele karibu na puli ya krenki, na pale injini inapokutana na giaboksi. Usiimwage kwenye mikanda. Endesha kama dakika ishirini, kisha zima na uchungulie kwa tochi kuanzia juu kushuka. Kimiminika kikitoka huchora mstari mweusi kwenye weupe wa poda. Ufuate mstari kwenda juu mpaka unapoishia. Penye poda kavu juu na mbichi chini, hapo ndipo. Kioo kidogo cha kunyolea kilichofungwa kwenye kijiti husaidia kuona nyuma ya injini.

Ukiona hakuna kitu, rudia kesho yake. Kuvuja kwa taratibu kunaweza kuhitaji siku mbili au tatu za kutembea.

Kabla ya kununua sili, angalia gari linapumuaje

Mafundi wengi wazuri hunikubalia hili, lakini wateja hatuambiwi. Injini ina vali ndogo ya kupumulia, PCV, inayovuta mvuke wa ndani na kuurudisha uunguzwe. Ikiziba kwa masizi, presha hujaa ndani ya injini na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni sili na gasketi. Ukibadilisha sili ukaacha PCV imeziba, sili mpya nayo itavuja. Chomoa vali hiyo kwenye injini ikiwa bado na mpira wake, injini ikiwa inaunguruma taratibu, uzibe mdomo wa vali kwa kidole: unapaswa kuhisi inavuta. Ukizima na kuitoa, kwenye aina nyingi ukiitikisa inalia kama njugu. Isipovuta wala kulia, badilisha. Ni kipuri cha bei ndogo.

Difu na giaboksi navyo vina vitundu vya kupumulia, kikofia kidogo juu ya eksili au kampira kanakopanda juu. Kwa barabara zetu za vumbi za Kondoa vijijini, Bahi au Mvumi, kikofia hicho hujaa udongo. Difu ikipata moto hewa inatanuka, inasukuma oili nje kupitia sili za magurudumu ya nyuma, na wakati mwingine oili hiyo inaingia kwenye breki. Safisha kikofia, hakikisha kinazunguka au kinapitisha hewa. Ukibadilisha sili ya eksili bila kufanya hivyo, hujamaliza kazi.

Pima pia kiasi cha oili yenyewe, gari likiwa sehemu tambarare na injini imezimwa dakika kama kumi. Oili iliyozidi alama ya juu huleta kuvuja palipokuwa pazima.

Kutengeneza: tapeti kava

Naikalia hii kwa sababu ndiyo niliyoikuta mara nyingi zaidi kuliko nyingine zote, na kwenye injini nyingi za silinda nne mtu makini anaiweza nyumbani. Nunua gasketi kwa kuonyesha namba ya chesisi, si kwa kusema "ya IST". Uliza pia sili za mashimo ya plagi, maana nyingine huja pamoja na gasketi na nyingine huuzwa kivyake.

Anza asubuhi na mapema. Upepo wa Dodoma, hasa kati ya mwezi wa sita na wa tisa, unabeba mchanga, na injini iliyofunguliwa juu haipaswi kuona hata punje. Andaa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Injini iwe baridi. Toa kifuniko cha plastiki, chomoa soketi za koili moja moja, toa koili uzipange kwa mpangilio wake. Kama kwenye shimo la plagi kuna oili, sili za mashimo zimekufa. Inyonye oili hiyo kwa kitambaa kabla ya kugusa plagi. Chomoa mpira wa PCV. Legeza bolti za kava kidogo kidogo, ukianzia za pembeni kuja katikati. Kava ikikwama, igonge taratibu kwa mpini wa mbao, usiibanje kwa bisibisi, utakwangua uso wa alumini na kuvuja hakutaisha.

Ikishatoka, funika injini kwa kitambaa papo hapo. Toa gasketi kuukuu. Ikivunjika kama biskuti, umeona kwa nini ilikuwa inavuja. Safisha mfereji wa kava na uso wa silinda hedi mpaka viwe vikavu bila mafuta. Gasketi mpya ya mpira huingia mferejini ikiwa kavu. Silikoni nyekundu au nyeusi kuzunguka gasketi nzima ni kosa: ziada hukatikia ndani na kwenda kuziba chujio la sampu. Mahali pa silikoni ni pale tu kava la cheni linapokutana na silinda hedi, tone moja kila upande.

Rudisha kava, shika bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa mizunguko miwili, kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kupishana. Nguvu ni ndogo, kama Nm 10 kwa injini nyingi ndogo za Toyota. Hiyo ni nguvu ya kiganja na spana fupi. Bolti ikikatikia kwenye alumini, utatamani ungeacha livuje. Silikoni ipe muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuwasha.

Sehemu nyingine za oili

Nati ya kumwagia oili: mara nyingi tatizo ni washa, kile kipete cha chini ya nati, iliyotumika mara kumi. Badilisha washa kila unapobadilisha oili. Toyota nyingi ndogo hutumia spana ya 14, na kukaza ni kama Nm 37. Anayeikaza kwa bomba refu anaua nyuzi za sampu. Filta ya oili: hakikisha mpira wa filta ya zamani haujabaki umeganda kwenye bloku, paka oili mpira wa filta mpya, funga mpaka uguse, kisha robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Sampu iliyotobolewa na jiwe inahitaji kushushwa na kuchomelewa au kubadilishwa. Gundi za kupaka kwa nje, oili ikiwa bado inatoka, hazishiki.

Sili ya nyuma ya krenki inahitaji giaboksi lishuke. Kama poda imethibitisha ni yenyewe na inatona matone mawili matatu usiku, ushauri wangu ni kuongeza oili na kusubiri mpaka utakapobadilisha klachi, ufanye yote kwa gharama moja ya kushusha. Na unyevu tu unaoshika vumbi bila kudondoka, kwenye injini yenye umri, uache. Uangalie kila mwezi.

Maji ya rejeta

Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya bahari. Kwa mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoiokoa injini ni presha iliyofungiwa na kofia ya rejeta, ambayo nyingi zimeandikwa 0.9 au 1.1 (kipimo cha presha) na kuinua kiwango cha kuchemka karibu na nyuzi 120. Kwa hiyo kitundu kidogo kinachotoa presha ni hatari kuliko maji machache yanayopotea. Gari linaweza kuchemsha likiwa bado na maji mengi.

Anza na kofia yenyewe: mpira wake ukiwa umepasuka au mgumu, badilisha kwa namba ileile. Kisha binya mipira ya maji injini ikiwa baridi. Uliovimba, laini kama mkate au wenye nyufa unatolewa. Klipu za kukaza kwa bisibisi hukata mpira ukizidisha. Angalia muungano wa plastiki na alumini pembeni mwa rejeta, na kitundu kidogo chini ya pampu ya maji. Ukoko hapo maana yake sili ya pampu imekwisha, na pampu hubadilishwa nzima.

Usijaze maji ya bomba wala ya kisima. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, hujenga magadi ndani ya rejeta na kula alumini. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au kulanti na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya kuongezea betri. Hakikisha si asidi ya betri. Jaza kofia ikiwa wazi na injini baridi, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, washa ukiwa umeweka hita kwenye moto, binyabinya mpira wa juu mpaka mapovu yaishe na feni iwake, ongeza, funga. Yai, tumbaku na binzari ndani ya rejeta huziba njia nyembamba pamoja na kitundu.

Giaboksi, difu na breki

Kwenye difu na giaboksi la mkono, legeza nati ya kujazia kabla ya kufungua ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, halafu ukakuta ya kujazia imeganda, gari halitoki hapo. Giaboksi la otomatiki huvuja zaidi kwenye sili za drive shafti, gasketi ya sampu yake na mipira inayokwenda kupoozwa kwenye rejeta. Jaza aina iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye stiki ya kupimia. Ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, na ya kawaida haziingiliani.

Breki usizicheleweshe hata siku moja. Mpira uliopasuka, kalipa au silinda ya gurudumu inayovuja hubadilishwa. Viatu vya breki vilivyoloa mafuta navyo vinatupwa, maana havikauki. Tumia mafuta ya breki ya daraja la DOT lililoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa isiyokuwa imefunguliwa zamani, kwa sababu mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Kutoa hewa, kwa magari mengi ya usukani wa kulia, huanzia gurudumu la mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Pedali ikibaki laini, usiendeshe.

Tanki la mafuta lililotobolewa na jiwe, madereva husugua kipande cha sabuni ya mche kwenye tundu, na sabuni hushika kwa sababu haiyeyuki kwenye petroli. Nimeiona ikifanya kazi kati ya Mtera na mjini. Ni ya kukufikisha tu. Kuchomelea tanki mwachie anayejua kuliondoa mvuke, maana tanki tupu hulipuka kuliko lililojaa.

Ukiwa njiani

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapohapo, hata kama unaona Kibaigwa kwa mbele. Kilomita moja bila oili yatosha injini kunoki. Mshale wa joto ukipanda, zima AC, fungua hita, egesha, subiri angalau nusu saa kabla ya kugusa kofia, uifungue kwa kitambaa kinene robo mzunguko kwanza. Maji ya kunywa uliyobeba yanafaa kukufikisha. Ukifika, mwaga uweke kulanti.

Baada ya kazi

Osha tena sehemu uliyotengeneza, weka boksi jipya usiku, chungulia asubuhi. Angalia tena baada ya kilomita 50 na baada ya 500, pamoja na viwango vya oili na maji. Klipu za maji hukazwa tena baada ya safari ya kwanza ya joto; bolti za tapeti kava usiziguse tena.

Oili chafu iweke kwenye dumu lenye kifuniko uipeleke gereji wanakoikusanya. Usiimwage kwenye korongo wala karibu na kisima.